Mtu wa Njia Hii

Kutoka Runyenjes hadi Ishiara si mbali, lakini anayeshuka kwa matatu asubuhi moja huona kama amevuka nchi. Huko juu, karibu na msitu wa Mlima Kenya, ni chai na ukungu. Chini yake ni kahawa, migomba na ng'ombe wa maziwa wanaolishwa zizini. Ukishapita Ena ukaanza kuteremka, migomba inapungua, udongo unajaa changarawe, na mara unajikuta katikati ya miti ya miiba, mbuzi, mawe na mashamba ya mtama. Upepo wa kutoka Bahari ya Hindi hupita juu yetu sisi watu wa chini ukiwa bado umebeba maji yake, ukaenda kuyamwaga mlimani unapolazimika kupanda. Ndiyo maana ndani ya kaunti hii moja ya Embu yuko mkulima anayelalamikia mvua iliyozidi, na mwenzake ambaye ameitazama anga kwa miezi bila kuona tone.

Mimi nilizaliwa huko kwenye kahawa. Barua ya Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, ndiyo iliyoniteremsha Mbeere miaka ya 1990, nikafundisha shule za msingi za huku hadi nilipostaafu mwaka 2019, na sikurudi tena juu. Tangu miaka hiyo ya mwanzo natembea kila asubuhi. Watu, hasa wa mjini, huniuliza mtu anawezaje kudumisha jambo hilo mahali penye jua kali, vumbi na miiba, pasipo na bustani wala njia iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaofanya mazoezi. Nimeona niandike ninachokijua, kwa kuwa naamini mahali kama hapa ndipo kutembea kunapodumu.

Huku si jangwa kwa maana ya Chalbi kule Marsabit. Tumewekwa katika maeneo kame na nusu kame. Mamlaka ya Taifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, hufuatilia kaunti 23, na miongoni mwake zimo Embu, Tharaka-Nithi na Meru. Msomaji wa mbali hushangaa akisikia Meru imo, kwa sababu Meru anayoijua yeye ni ya viazi vya Timau na miraa ya Igembe. Lakini ateremke kutoka Maua kuelekea lango la Murera la Mbuga ya Meru, au apite Nkubu na Mitunguu kuelekea Chiakariga, atakutana na nchi ileile ya kwetu: migunga, mibuyu, mizinga ya asali iliyotundikwa mitini, na mito ambayo sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu.

Taarifa za kila mwezi za NDMA zina jambo moja linalonigusa kila nikizisoma. Pamoja na mvua, bei ya mbuzi na hali ya lishe ya watoto, hupima pia umbali ambao watu wa nyumbani hutembea kufuata maji, na ule ambao mifugo hutembea kutoka malishoni hadi yanapopatikana. Umbali ukirefuka, ukame umeingia. Miguu ya akina mama na watoto inawaambia maofisa hali ya mwaka. Nilikuwa nimelijua hilo kabla sijaona taarifa hata moja, na aliyenifundisha ni mwanafunzi wangu.

Alikuwa msichana wa darasa la tano aliyesinzia kila siku kuanzia saa nne. Hakuwa mgonjwa, na hesabu alizijua vizuri kuliko wengi. Jioni moja nikamwambia nitamsindikiza nyumbani nionane na mama yake. Tulitembea zaidi ya saa nzima. Mama alinikaribisha uji wa mtama, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, uje kesho alfajiri uone mwenyewe." Nikaenda.

Mto waliokuwa wakichota hauna maji juu. Una mchanga mpana mweupe, na maji yamo chini yake. Kila familia ina shimo lake, limezungushiwa matawi ya mgunga ili mbuzi wasiingie. Mama aliyaondoa matawi, akapiga magoti, akayachota maji yaliyolala humo usiku kucha akayamwaga, kwa sababu yalikuwa na wadudu. Akasubiri. Maji mapya yakaanza kupenya pembeni mwa shimo, kwanza yakiwa na weupe wa mchanga, kisha yakatulia. Hapo ndipo alipoanza kuchota kwa kibuyu kilichokatwa nusu, akimimina mtungini kupitia kitambaa. Kazi hiyo haikubali pupa. Ukichota haraka mchanga unatibuka, na ukizidisha ukuta wa shimo unaporomoka, unaanza kuchimba upya. Mtungi mmoja wa lita 20 ulichukua muda mrefu kujaa, na mitungi ilikuwa minne. Msichana alishika tochi muda wote huo, akimsogeza punda kwa goti kila alipotaka kuingiza mdomo shimoni. Walipomaliza alimpandisha punda ukingoni, akamfikisha nyumbani, akanawa miguu, akavaa sare, akaanza safari ya shule.

Nilimhamishia dawati pembeni, nikamwacha alale nusu saa wakati wa mapumziko. Na kuanzia wiki iliyofuata nikawa natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu, nyota zikiwa bado angani, natembea hadi njia panda yenye mkwaju mkubwa. Watoto wa upande ule walinikuta hapo, tukarudi pamoja hadi shuleni tukikariri jedwali la saba na la nane, tukibishana kuhusu ngeli. Wakati wa mvua tulibeba viatu mkononi. Wakati wa kiangazi wadogo walitembea nyuma yangu ili wajikinge na upepo wa vumbi. Niligundua kwamba waliotoka mbali zaidi ndio waliokuwa wakifika mapema, maana hawakuthubutu kukisia muda. Aliyekaa jirani na kengele ndiye aliyechelewa.

Hivyo ndivyo mazoea yangu yalivyoanza. Kulikuwa na watu wakiningojea mahali fulani, saa fulani, na kama nisingefika wangeuliza kwa nini. Sikuwa na haja ya kujihimiza. Ninaamini hili ndilo jambo la kwanza ambalo mtu anayetaka kutembea kila siku anapaswa kulitafuta, kabla ya viatu na kabla ya ratiba: nani atajua kama leo sikupita?

Swali hilo lilinirudia nilipostaafu. Watoto walikuwa na walimu wengine, na mwili ulipopata ruhusa ya kulala ulitaka kuitumia. Miezi michache baadaye ikaja korona. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020, na kuanzia tarehe 27 mwezi huo tukawa na kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Njia yetu ilinyamaza. Huko mijini watoto walisomea kwenye simu na kompyuta. Huku kwetu nyumba nyingi hazina hata mahali pa kuchajia simu, na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021.

Nikaanza kubeba maswali. Jioni niliyaandika kwa mkono kwenye karatasi za daftari, hesabu upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Alfajiri, kafyu ikishaisha, nikazunguka njia yangu ya zamani, nikiacha karatasi kwenye panda ya mti penye lango la kila nyumba na kuweka jiwe juu yake. Kesho yake nilikuta majibu mahali palepale. Hatukugusana wala kukaribiana. Mtoto alisimama mlangoni akanipungia, nami nikamwambia kutoka njiani alichokosea. Mzazi mmoja alizitoboa karatasi zote kwa mwiba wa mgunga, akazifunga kwa uzi wa gunia zikawa kitabu. Nimewahi kupewa vyeti kadhaa katika kazi hii, na hakuna kinachofikia kitabu kile.

Kutokana na karatasi hizo ndipo nilipoingia katika kazi ninayoifanya hadi leo. Shule zilipofunguliwa karatasi ziliisha, nami nikaendelea kutembea mikono mitupu, na kijijini mtu mzima anayetembea hivyo huwatia watu wasiwasi. Mwanzoni kila aliyenikuta aliniuliza kuna msiba wapi. Vijana wa bodaboda walisimama wakaniambia, "Panda mwalimu, nikufikishe, sitakudai." Nilipowajibu kwamba natembea tu, walitazamana. Mzee mmoja jirani yangu ndiye aliyenisaidia. Aliniambia, "Mwalimu, kwa kuwa unapita, nipelekee hii kwa binti yangu," akanipa kifurushi cha mbegu za ndengu. Kesho yake binti akanituma kwa babake. Tangu hapo nina mkoba, na mkoba haujawahi kukosa kitu. Nabeba dawa kutoka zahanati, betri za tochi, simu zilizochajiwa sokoni Ishiara, kadi za kliniki zilizosahauliwa. Nasomea watu maandishi madogo kwenye chupa za dawa za mifugo, kwa sababu dawa ya kupe ikichanganywa vibaya inaua mbuzi au haiui kupe, na maandishi yale yamechapishwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo mno hata mimi navaa miwani. Nimekaa na mama mmoja chini ya mti nikamsomea barua ya hospitali ya mwanawe mara tatu, mpaka akaielewa.

Wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Nakubaliana nao, lakini nimeona huku kwamba anayetembea bure huchoka mapema. Aliyetumwa hafiki njia panda akageuka kwa sababu jua limechomoza mapema. Ana dawa ya mtu mkobani.

Kuhusu afya nitasema machache, maana yamesemwa sana. Presha yangu ilipanda nilipokaribia kustaafu, na muuguzi aliniambia nitembee walau nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki. Ni zile dakika 150 zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima. Nilimwambia nimekwishaanza. Kijana wangu aliyeko Nairobi akaninunulia saa ya mkononi inayohesabu hatua, ikinidai hatua 10,000 kila siku. Baadaye nilisoma asili ya hesabu hiyo. Ilitoka Japani, ambako mwaka 1965, baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja iliuza kifaa cha kuhesabia hatua kilichopewa jina la hatua elfu kumi. Ilikuwa namba nzuri ya kuuzia bidhaa. Madaktari walikuja kuichunguza baadaye sana, na wanasema hata hatua chache kuliko hizo zinamfaa mtu. Saa hiyo nimempa mjukuu wangu. Ikinihesabia nilianza kuitazama badala ya kutazama watu, na mtu wa huku ukimpita bila kumtazama usoni amekasirika kabla hujamsalimu.

Vifaa vya kutembelea huku ni vichache. Navaa akala. Nimejaribu raba za mjini, lakini mwiba wa mgunga huzipenya hadi nyayoni, na ndani ya wiki chache kokoto zimekula soli. Akala iliyokatwa kwenye tairi zito haijali mwiba. Nina kofia pana, chupa ya maji na fimbo. Fimbo si ya uzee. Kuna bafe. Nyoka huyu hakimbii asikiapo hatua kama nyoka wengine. Hujilaza tuli njiani, rangi yake ni ya majani makavu na udongo, na anayemkanyaga ndiye anayeumwa. Hupenda kujilaza njiani jioni ardhi ikiwa bado na joto, na gizani humwoni kabisa. Kwa hiyo kabla hakujapambazuka nina tochi, na kila penye nyasi zilizoinamia njia natanguliza fimbo. Watoto nimewafundisha vivyo hivyo. Halafu kuna suala la muda. Saa mbili asubuhi napenda niwe kivulini. Anayesema atatembea saa nne kwa kuwa usingizi ulimzidi, Januari au Septemba, atatembea siku mbili kisha ataacha, na hatakuwa na kosa. Jua la huku lina sheria zake.

Siku za kutotembea zipo. Nikiugua silazimishi. Kukiwa na matanga nakaa na wafiwa. Mvua ya kwanza ya Oktoba ikinyesha alfajiri, kila mtu yuko shambani anapanda, nami nashika jembe. Sihesabu siku nilizokosa, na sijaribu kuzifidia kwa kutembea mara mbili kesho yake. Nimewaona wenzangu wastaafu wakiacha kabisa kwa sababu ya wiki moja waliyoikosa, kana kwamba ni deni lisilolipika.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifunga na njia hii. Nchi kame haijionyeshi kwa mpita njia. Anayepita Ishiara kwa gari akielekea Kathwana huona vichaka vya rangi ya kijivu na mbuzi, akalala. Mabadiliko yapo, ila ni madogo, na huyaona tu yule aliyepita hapo jana na juzi. Mukau, kwa mfano. Kitaalamu unaitwa Melia volkensii, ni mti wa nyanda kame za Afrika Mashariki, mbao zake ni ngumu, mchwa hawaziwezi, na watu wa Mbeere tangu zamani wameuacha usimame katikati ya mashamba yao. Mukau hutoa majani mapya kiangazi kinapoelekea ukingoni, kabla mvua haijanyesha, wakati mbuzi hawana kitu. Hapo utaona wazee wakikata matawi machache ya chini kulisha mifugo, machache tu, ili mti uendelee. Mbegu zake ni ngumu kuota. Watafiti wa taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, walitumia miaka mingi kutafuta namna ya kuipasua kokwa na kuichanja mbegu ili iote kitaluni. Leo miche inauzwa, na kwenye njia yangu kuna mashamba matatu ya mukau yaliyokuwa pori tupu nilipofika.

Miaka ya 1970 walikuja Mbeere wataalamu wawili, David Brokensha na Bernard Riley, wakajifunza mimea ya huku kutoka kwa wenyeji, matumizi ya kila mti, dawa, chakula, kamba, uzio. Kazi yao ilichapishwa mwaka 1988 ikiwa na juzuu mbili, na juzuu ya pili ni mimea. Ninachokiheshimu katika kazi ile ni kwamba maarifa yake yalikuwa ya watu wanaotembea: wafugaji, warina asali, akina mama wa kuni. Mtu hajui mti upi una kivuli saa tatu na upi una kivuli saa tisa kwa kukaa ndani. Mimi mwenyewe, mtoto wa kahawa, nilijifunza majina ya miti ya hapa kwa wanafunzi wangu, mti mmoja baada ya mwingine, kwenye njia ya mkwajuni.

Kwa hiyo ukame mkubwa ulipokuja niliuona ukiingia hatua kwa hatua. Kuanzia mvua za vuli za mwaka 2020 hadi za mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ilishindwa katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika, na kaunti zetu hazikusalimika. Nilikuwa nimeuona ukame wa 1984 nikiwa kijana, mwaka wa mahindi ya njano ya msaada, lakini wakati ule niliuona kwenye sahani. Huu niliuona mtoni. Mashimo ya mchangani yalizidi kina, kwanza hadi magotini, kisha hadi kiunoni, mwishowe mtu alizama ndani hadi mabegani na mwenzake akasimama juu kupokea kibuyu. Nyuki walianza kutua kwenye mitungi, wakinyonya unyevu wa vifuniko, na punda wakakataa kusogea kwa kuogopa kuumwa. Mizinga mingi ilibaki mitupu. Magunia ya makaa yakaongezeka kando ya barabara, kwa sababu mbuzi wakishauzwa linalobaki kuuzwa ni mti. Nilifahamu nani alikata mti upi. Sikumlaumu yeyote. Nilibeba unga mkobani badala ya barua, nikapeleka sokoni habari za nyumba ambazo moshi wa jikoni haukuonekana asubuhi mbili mfululizo. Chifu na watu wa kanisa walitumia habari hizo, na ninajua nyumba ambazo chakula kiliwahi kufika kwa sababu mtu alipita njiani akatazama.

Kisha mwishoni mwa 2023 zikaja mvua za El Nino, na mwaka uliofuata mvua za masika zilizoleta mafuriko sehemu nyingi za Kenya. Mto wa mchanga ulishuka na maji ya rangi ya matofali, ukachukua ukingo na sehemu ya njia yangu. Ndani ya siku chache vichaka vilivyokuwa kijivu viligeuka kijani kibichi. Mtama ulikua ukawa mrefu kuliko watoto, wakairudia ile kazi ya zamani ya kuamia ndege, wamekaa juu ya madungu na manati zao wakifukuza kwelea kuanzia alfajiri. Nilipita katikati ya kelele zao nikijibu salamu kutoka juu.

Mvua zile, kwa kula sehemu ya njia yangu, zilinionyesha pia kwamba tunahitaji njia ya miguu. Zamani njia ya miguu ilikuwa kando ya barabara ya vumbi, imekanyagwa na vizazi, ikizunguka miti. Barabara ilipowekwa lami tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Mgonjwa sasa anafika hospitali, maembe yanafika sokoni kabla hayajaoza, na kutoka Ena mtu anaweza kupita Ishiara, Kathwana na Chiakariga hadi Nkubu bila kupanda kwenye kona za juu za Chuka. Lakini mtaro ulichimbwa pale ilipokuwa njia ya miguu, na miti ya kivuli ikaondolewa. Anayetembea sasa ana machaguo mawili, lamini au mtaroni. Na alfajiri ndiyo saa ya magari ya muguka, lile jani la kutafunwa. Muguka ndio unaosomesha watoto wengi wa Mbeere, sisemi vinginevyo. Mwaka 2024 baadhi ya kaunti za Pwani zilipotangaza kuupiga marufuku, nyumba nyingi za huku zilikosa usingizi hadi Rais alipotangaza kwamba marufuku hayo hayana nguvu. Ila jani lile huharibika haraka, dereva anakimbizana na soko, na mwendo wake si wa kumwona mtoto mwenye sare ya rangi ya udongo. Takwimu za NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, huonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba watembea kwa miguu ndio wanaokufa wengi zaidi katika barabara zetu. Katika nchi ambayo watu wengi huenda shuleni, kazini na kanisani kwa miguu, jambo hilo lingetakiwa kutunyima usingizi kuliko lolote.

Mmoja wa watoto wa njia yangu aligongwa alfajiri. Alipona, anachechemea kidogo, na anaendelea na masomo. Tangu siku hiyo nimerudi kuwatembeza watoto, ila sasa ndani, kwenye vijia vya mbuzi, na kila mwanzo wa muhula natangulia na panga kufyeka miiba iliyofunga njia. Wazazi wawili huja kunisaidia. Tumepanda mikwaju kumi na miwili kwenye kijia hicho; saba imeshika.

Barabara nyingi za vumbi za Mbeere, za Tharaka na za nyanda za chini za Meru bado zinangoja lami, na zikipata nitafurahi. Ombi langu kwa wahandisi watakaozichora, na kwa wawakilishi wadi watakaozipitisha, ni hili: waje kwanza wazitembee, kwa miguu, saa kumi na mbili asubuhi, siku ya shule. Wawaulize watoto wanapita wapi na wanapumzika chini ya mti gani. Kisha kabla tingatinga halijaletwa waache njia ya miguu ng'ambo ya mtaro, mbali na magari, na mti wowote wenye kivuli uliopo kwenye mstari huo usiguswe. Wala hatuombi jambo kubwa. Upana wa mita mbili unawatosha watoto kutembea wawili wawili, na punda mwenye mitungi minne akapita.